Yai na Waziri

Katika vyakula vyote viingiavyo jikoni, yai ndilo lenye sura ya uaminifu kuliko vingine. Nyama huonekana ikibadilika rangi, samaki hutangaza uvundo wake mwenyewe, na maziwa huganda mbele ya macho ya mpishi. Lakini yai hukaa kimya ndani ya kaka lake, kama kwamba limeapa kutomdhuru mtu. Tangu kale akina mama walilipima kwa kulitia majini: lizamalo ni zima, lielealo huenda ni viza. Kipimo hicho hufaa kwa kazi yake, kwa kuwa hewa huongezeka ndani ya yai kadiri linavyozeeka. Hata hivyo, hakiwezi kumfichua adui asiye na harufu wala uzito. Historia ya adui huyo yafaa kujulikana, maana ilipata kumng'oa mtu katika kiti cha serikali.

Mwaka 1888, katika mji wa Frankenhausen nchini Ujerumani, watu wengi waliugua baada ya kula nyama ya ng'ombe aliyechinjwa akiwa mgonjwa, na mmoja wao akafa. Tabibu August Gärtner alitafuta chanzo, akakuta kijidudu cha namna moja katika nyama ile na katika mwili wa marehemu. Miaka mitatu kabla yake, huko Marekani, Theobald Smith, akifanya kazi chini ya daktari wa wanyama Daniel Elmer Salmon, alikuwa amempata ndugu wa kijidudu hicho katika nguruwe. Baadaye ukoo mzima ulipewa jina la Salmon, ukaitwa salmonela.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hatari ya yai, kama ipo, imo katika uchafu ulioshika nje. Yai safi lisilo na ufa lilihesabiwa kuwa salama. Imani hiyo ilivunjika katika miaka ya 1980. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walitoa uchunguzi uliohusisha maradhi yaliyoenea kaskazini-mashariki ya nchi yao na mayai mazima ya daraja la kwanza. Ilidhihirika kwamba kijidudu kile kile cha Gärtner huweza kukaa ndani ya kuku asiyeonyesha dalili yoyote, kikaingia katika mfuko wa mayai, na kuliambukiza yai kabla kaka halijajengwa. Basi mlango ulikuwa umefungwa, lakini mwizi alikuwa ndani.

Uingereza nayo ilikuwa ikiona wagonjwa wakizidi. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo wakuu wa afya waliwaonya watu wasile mayai mabichi. Onyo hilo halikuvuma sana. Lakini tarehe 3 Desemba, Edwina Currie, naibu waziri wa afya, alisema mbele ya televisheni kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini ilikuwa imeingiliwa na salmonela. Hofu ikatanda. Mauzo ya mayai yalianguka vibaya, mamilioni ya mayai yakaharibiwa, na kuku wengi mno wakachinjwa. Wafugaji waliwaka hasira, na tarehe 16 Desemba naibu waziri akajiuzulu.

Kosa lake lilikuwa nini? Hatari aliyoitaja ilikuwapo. Mwaka 2001 ilifahamika kwamba ripoti ya serikali iliyotungwa mapema mwaka 1989 ilikiri kuwapo kwa mlipuko mkubwa wa maradhi hayo. Lakini kusema kwamba makundi mengi ya kuku yana kijidudu si sawa na kusema kwamba mayai mengi yanacho, kwa kuwa hata kuku mwenye kijidudu hutaga mayai mengi yasiyo na dhara. Wasikilizaji hawakupewa nafasi ya kupambanua mambo hayo mawili. Ukweli uliotolewa bila kipimo uliwaumiza wasio na hatia. Na ukweli ambao ungenyamazwa ungewaumiza watoto, wazee na wajawazito. Kati ya madhara hayo mawili, la pili ndilo lisilolipika kwa fidia.

Dawa haikupatikana kwa maneno. Kuku walianza kuchanjwa, na mwaka 1998 wafugaji wa Uingereza waliweka mpango wa kupiga chapa ya simba juu ya mayai yatokayo kwa kuku waliochanjwa. Wagonjwa walipungua sana, hata mwezi wa Oktoba 2017 mamlaka ya chakula ya nchi hiyo ikaruhusu wajawazito, watoto wachanga na wazee kula mayai yenye chapa hiyo yakiwa hayajaiva sawasawa. Ruhusa hiyo ni ya yai lenye chapa, wala haikutolewa kwa kila yai duniani.

Kwa yai lisilojulikana asili yake, ulinzi umebaki mkononi mwa mpishi: kupika mpaka ute na kiini vishikane, kuliweka mahali pa baridi, na kunawa kwa sabuni baada ya kulivunja. Kuku naye apikwe mpaka nyama ya ndani kabisa, karibu na mfupa, ifikie joto la nyuzi 74. Kumwosha kwa maji ya bomba, desturi ipendwayo katika majiko mengi, hakuui vijidudu bali huvirusha juu ya vyombo na kachumbari. Kisu na ubao vilivyomkata akiwa mbichi visiguse chakula kilicho tayari kuliwa mpaka vimeoshwa. Sheria hizi ni ndogo, lakini zilinunuliwa kwa maradhi ya watu wengi, na kwa wadhifa wa mtu mmoja aliyesema kweli kwa neno lililozidi kipimo.