FrontPage kwenye kompyuta mpya na zisizo na intaneti

FrontPage ni programu ya kutengeneza tovuti iliyotolewa kwanza mwaka 1995 na kampuni ndogo ya Marekani, kisha ikauzwa na Microsoft kuanzia 1996 hadi 2006. Ilimwezesha mtu asiyejua HTML kuandaa ukurasa wa tovuti kama anavyoandika barua kwenye Word: anachapa maneno, anaweka jedwali, anabandika picha, na msimbo unajiandika wenyewe. Toleo la mwisho, FrontPage 2003, liliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, siku ileile Windows XP ilipoachwa. Tovuti zilizojengwa nayo hazikufa siku hiyo. Wapo ambao hadi leo wanaihamisha programu hii kila wanaponunua kompyuta nyingine, kwa sababu hawajui njia nyingine ya kuihariri tovuti yao.

Wengi huuliza kama programu ya miaka hiyo inaweza kufunguka kwenye mashine ya leo. Inafunguka, na mara nyingi bila taabu. Taabu iko kwingine: FrontPage iliundwa kuwa nusu ya kitu kizima, na nusu ya pili ilikaa kwenye seva. Nusu hiyo ndiyo iliyokufa.

Asili

Kampuni iliyoiunda ilianzishwa mwaka 1994 na Charles Ferguson na Randy Forgaard huko Cambridge, Massachusetts, ikaitwa Vermeer Technologies kwa heshima ya mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17. Januari 1996 Microsoft, iliyokuwa mbioni kuifikia Netscape kwenye mambo ya intaneti, iliinunua kwa takriban dola milioni 130. Ferguson alisimulia mauzo hayo katika kitabu chake cha 1999, High Stakes, No Prisoners, kisha akahamia kwenye filamu. Inside Job, filamu yake kuhusu msukosuko wa fedha wa 2008, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2011.

Jina la Vermeer liliondoka kwenye maboksi lakini halikuondoka ndani ya programu. Folda za siri ambazo FrontPage huunda katika kila tovuti huanza na herufi _vti_, yaani kifupi cha Vermeer Technologies Inc. Anayekagua seva ya zamani akikutana na folda ya _vti_cnf anajua papo hapo tovuti hiyo ilitengenezwa kwa programu gani.

Matoleo yalifuatana haraka: 97, 98, 2000, 2002 na 2003. Kwa Macintosh lilitoka toleo moja tu, mwaka 1998. Mpaka hapo FrontPage ilikuwa programu mbili, moja ya kupanga tovuti na nyingine ya kuandika kurasa. Toleo la 2000 ndilo lililoziunganisha. Pia kulikuwa na FrontPage Express, ndogo na ya bure, iliyokuja na Internet Explorer 4 na Windows 98. Mwishoni mwa 2006 Microsoft iliweka Expression Web na SharePoint Designer mahali pake.

Nusu ya mezani na nusu ya sevani

Siri ya FrontPage, na baadaye lawama zake, zilikuwa kwenye vijenzi vilivyoitwa webbot. Mtumiaji alichagua kwenye menyu, kwa mfano, kihesabio cha wageni, fomu ya maoni, kisanduku cha kutafutia au menyu inayojirudia kila ukurasa, na programu ikapachika maelekezo ndani ya HTML kwa umbo la maoni yasiyoonekana kwenye kivinjari.

Vijenzi hivyo ni vya aina mbili, na asiyezitofautisha hatajua kwa nini tovuti yake inafanya kazi nusunusu. Aina ya kwanza humaliza kazi mezani. Ukiambia ukurasa ujumuishe ukurasa mwingine, FrontPage huchukua yaliyomo na kuyaandika kabisa ndani ya HTML wakati wa kuhifadhi, kati ya alama ya mwanzo na alama ya mwisho. Menyu na mipaka ya pamoja hufanya hivyohivyo. Kurasa za namna hii zikipelekwa kwenye seva yoyote, au zikifunguliwa kutoka kwenye flashi, zinaonekana kama zilivyo.

Aina ya pili husubiri seva. Kihesabio, kisanduku cha kutafutia na fomu inayohifadhi majibu vilihitaji programu za nyongeza za FrontPage ziwe zimewekwa sevani. Mgeni alipobofya kitufe cha kutuma, fomu haikuelekea kwa mwenye tovuti bali kwenye programu iliyokaa katika folda ya _vti_bin. Nyongeza hizi zilikuwepo kwa seva za Windows na za Unix, na kampuni za kukodisha seva zilizitangaza kama sifa. Hazikupendwa sana na mafundi wa seva, na walikuwa na sababu: folda ya _vti_pvt ilikuwa na faili iitwayo service.pwd, yenye majina ya watumiaji na nywila zilizofumbwa, na kwenye seva iliyopangwa ovyo mtu yeyote aliweza kuisoma kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari. Msaada rasmi kwa upande wa Unix ulikoma mwaka 2006. Leo ni bora kuchukulia kwamba nyongeza hizo hazipo popote, na wala zisitafutwe.

Kusakinisha kwenye Windows ya leo

FrontPage 2000, 2002 na 2003 ni programu za biti 32. Windows ya biti 64, ikiwemo Windows 11 ambayo haina toleo la biti 32 kwa kompyuta za kawaida, ina tabaka la ndani linaloendesha programu za aina hiyo. Ndiyo maana FrontPage 2003 husakinishwa kwenye mashine mpya na kufunguka kwa kasi ambayo wanunuzi wake wa kwanza hawakuijua.

Mambo hubadilika ukirudi nyuma zaidi. Programu nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa za biti 32 zenyewe, lakini kisakinishi chake kilikuwa na kipande cha biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi biti 16 hata kidogo. Mtumiaji anaweka CD, anabofya, anaambiwa programu haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hiyo, na anadhani CD imeharibika. CD ni nzima. Mlango tu ndio umefungwa. Microsoft iliweka mbadala wa biti 32 kwa visakinishi vichache vilivyojulikana sana, hivyo baadhi hupita, lakini si jambo la kutegemea.

Kero nyingine ni ndogo lakini husumbua. Tangu Windows Vista, programu isiyo na ruhusa ya msimamizi haiwezi kuandika ndani ya folda ya Program Files. Ikijaribu, faili huhamishiwa kimyakimya kwenye folda iitwayo VirtualStore ndani ya akaunti ya mtumiaji, naye huitafuta kazi yake asiione. Dawa ni kuweka tovuti kwenye folda yako mwenyewe, isiwe pale programu ilipokaa. Vilevile vitabu vya msaada vya umbo la .hlp havifunguki tena, maana kisomaji chake kiliondolewa kwenye Vista. Nacho kidirisha cha kuhakiki ukurasa ndani ya FrontPage kinategemea injini ya Internet Explorer, kivinjari kilichostaafishwa Juni 2022. Kinachoonekana hapo kisichukuliwe kuwa ndicho atakachokiona mgeni mwenye Chrome au Firefox ya leo.

Kwa kompyuta isiyo na intaneti, leseni ina uzito kuliko umri wa programu. FrontPage 2000 kwa kawaida huhitaji tu namba ya herufi na tarakimu 25 iliyobandikwa kwenye kasha la CD. Matoleo ya 2002 na 2003 ya rejareja yaliundwa kuamilishwa kwa intaneti au kwa simu, na yasipoamilishwa hukataa kazi baada ya kufunguliwa mara 50. Nakala za leseni za mashirika hazikuwa na sharti hilo. Kwa chumba cha kompyuta cha shule kisicho na mtandao, basi, toleo la 2000 lina amani kuliko la 2003 ingawa la pili ndilo bora. Na programu kutouzwa tena hakuifanyi kuwa mali ya kila mtu: hakimiliki bado ni ya Microsoft.

Programu ndugu za kutengeneza tovuti zilipata misukosuko yao. Adobe ilipozima seva za kuamilisha bidhaa zake za CS2, ikiwemo GoLive, ilitoa nakala zisizohitaji kuamilishwa kwa waliokuwa wamezinunua. Kwa upande wa Apple, macOS Catalina ya 2019 ilikataa programu zote za biti 32 kwa siku moja, na mwenye Dreamweaver ya zamani alilazimika kuchagua kati ya programu yake na mfumo mpya.

Mashine pepe

Pale ambapo kusakinisha moja kwa moja kunashindikana, njia ya uhakika ni mashine pepe, yaani kompyuta ya zamani inayoishi ndani ya dirisha la kompyuta mpya. VirtualBox, iliyoanza kutolewa na kampuni ya Kijerumani Innotek mwaka 2007 na sasa iko chini ya Oracle, hutosha kwa kazi hii. Windows XP iliomba kumbukumbu ya megabaiti 64 tu kama kima cha chini. Ukiipa 512, kiasi ambacho kompyuta mpakato ya leo haitakihisi, FrontPage inapepea. Wenye Mac za chipu za M hawana njia hiyo kwa XP, ila wanaweza kutumia UTM, inayoiga prosesa nzima. Ni nzito, lakini FrontPage si programu ya kudai mengi. Toleo la Macintosh ni habari nyingine: linahitaji emuleta ya Mac za PowerPC kama SheepShaver.

Jambo moja halina mjadala: XP iliyo ndani ya mashine pepe ikatwe mtandao kabisa. Haijapata marekebisho ya usalama ya kawaida tangu 2014, na haina cha kutafuta mtandaoni, kwa sababu tovuti nyingi hazikubali tena usimbaji fiche wa zamani inaoujua. Kazi iingie na kutoka kupitia folda ya pamoja. Ndani ya FrontPage, tovuti huchapishwa kwenye folda hiyo badala ya kwenye seva, na toleo la 2003 linaweza kusafisha HTML wakati wa kuchapisha, likiondoa alama za webbot na maoni mengine. Kisha kompyuta mpya huchukua kurasa hizo na kuzipakia sevani kwa SFTP. Hapo ndipo kutokuwa na intaneti kunageuka kuwa faida: programu ya zamani inabaki karakana, na usafirishaji unafanywa na chombo cha leo.

Kurasa zinapofika sevani

Ukurasa uliofunguka vizuri kwenye flashi unaweza kuvurugika ukifika sevani, na sababu kuu ni mbili. Ya kwanza ni majina ya faili. Windows haitofautishi Picha.JPG na picha.jpg; seva ya Linux inatofautisha, na picha hazionekani.

Ya pili inawahusu sana wanaoandika Kiswahili. FrontPage huandika juu ya ukurasa kwamba herufi zake ni za mpangilio wa windows-1252. Mtu alipoandika makala kwenye Word, programu hiyo iligeuza alama ya ng' kuwa kikato kilichopinda, na maandishi yalipobandikwa kwenye FrontPage kikato kilihifadhiwa kwa namba ambayo mpangilio wa UTF-8 hauitambui. Kwenye flashi kivinjari hufuata tamko lililo ndani ya ukurasa, na ng'ombe anasomeka. Sevani, kama seva imepangwa kutangaza kila ukurasa kuwa UTF-8, tangazo la seva hushinda tamko la ukurasa, na katikati ya ng'ombe, ng'ambo na ng'oa hutokea almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza. Kufuta na kuandika upya neno moja moja ni kupoteza muda. Geuza ukurasa wote kuwa UTF-8 kwa kihariri cha kawaida kama Notepad++, ubadilishe na tamko lake, na tatizo linakwisha.

Fomu na vihesabio vya aina ya pili havina matengenezo. Viondolewe, na mahali pake iwekwe anwani ya barua pepe au fomu inayotumia kile seva ya sasa inachokubali. Mpangilio wa majedwali na alama za font bado unaonyeshwa na vivinjari vyote, ingawa kwenye simu maandishi hutoka madogo sana. Mwenye tovuti inayobadilika kila wiki asiihangaikie FrontPage. Expression Web 4, ambayo Microsoft iliifanya ya bure Desemba 2012, hufungua tovuti zilezile na kuandika HTML safi zaidi, na hata hiyo ni kituo cha njiani tu. FrontPage inafaa kwa tovuti iliyokamilika inayohitaji kurekebishwa mara chache, na kwa kumbukumbu zinazotakiwa kusomwa kama zilivyoundwa.

Anayehamisha kazi kutoka kompyuta ya zamani kabla haijafa achukue CD, namba yake ya leseni na folda nzima ya tovuti. Folda za _vti_ hufichwa na Windows, kwa hiyo aamuru kwanza vitu vilivyofichwa vionekane. Mpangilio wa menyu zote uko kwenye faili ya structure.cnf ndani ya _vti_pvt, na bila hiyo FrontPage haiwezi kuzijenga upya.