Tahasusi, na Fani Isiyo na Jina

Abiria ashukaye stendi ya Msamvu mjini Morogoro, penye njia za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, aghalabu hukutana na vijana waendao Chuo Kikuu Mzumbe au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984; na wengi wao, kabla ya kupata nafasi ya chuo, waliulizwa tahasusi yao. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, ni ndugu wa hasa, husu na mahsusi, na maana yake ya awali ni mtu kujihusisha na ilimu moja tu. Walakini Tanzania, kwa ajabu isiyonichukiza, limekuwa jina la masomo matatu ya kidato cha tano na sita yaliyofungwa pamoja, kama Fizikia, Kemia na Baiolojia, na mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 juu ya zile 16 zilizokuwapo.

Tahasusi basi ina jina; kilichokosa jina ni ile fani ya pili ambayo mwanafunzi wa shahada huiteua nje ya taaluma yake, mathalan mwanafunzi wa kilimo ajifunzaye isimu ili apate kusema na wakulima wa milima ya Uluguru kwa lugha isiyowaghasi. “Somo dogo” naliona lina dharau, na “somo la pembeni” halina nafuu. Nashauri tuseme fani shirika, kwa kuwa hufanya kazi pamoja na ile ya kwanza. Wahadhiri wa vyuo walitumie neno hilo, au watuletee lililo bora zaidi.