Treni ya zamani ya kuchezea ya kuranti: namna ya kuitengeneza bila kuhatarisha watoto

Wakaaji wa Kindu na Kalemie wanajua treni ni nini. Goma na Bukavu hakuna reli, na watoto wengi huko wanaijua kwa picha tu. Ndiyo maana kartoni ya zamani inapofika kutoka kwa ndugu wa Ubelgiji ao Ujerumani, na ndani kuko reli ndogo, mabehewa na kichwa cha treni, nyumba yote inasimama. Kila mtu anataka kuona ikitembea leo leo. Hapo ndipo hatari iko.

Mara nyingi treni yenyewe haijakufa. Imezuiwa na uchafu na mafuta yaliyoganda. Kitu chenye kinaweza kuua ni transfo, ile sanduku ndogo yenye inaingia kwenye prizi. Tuanze na hiyo.

Transfo: angalia mbele ya kuchomeka

Kazi ya transfo ni kupunguza kuranti ya prizi, volti 220, mpaka volti 12 ao 16 zenye hazidhuru mkono wa mtoto. Ikiwa imeharibika ndani, zile 220 zinaweza kufika kwenye reli. Kwa hiyo:

- Soma maandishi yake. Ikiandikwa 110, 115 ao 120, ni ya Marekani, kama zile za Lionel. Usiichomeke kwenye prizi yetu, itaungua.
- Kunja waya polepole. Mpira wake ukipasuka, ao ukivunjika kama biskuti, usitumie. Fundi abadilishe waya mzima. Kufunga skochi hakutoshi.
- Sanduku likiwa la chuma, lipimwe na fundi kwanza.
- Ikinuka kuungua, ao ikiwa moto sana kisha dakika chache, chomoa.

Kuranti ikikatika, chomoa pia. Wakati inarudi inaweza kuruka juu, na transfo ya zamani haivumilii. Na usiunge kamwe reli moja kwa moja kwenye prizi, hata kwa kujaribu.

Treni yako ni ya aina gani?

Hesabu reli. Ikiwa kuko mbili tu, kama Jouef ya Ufaransa, Lima ya Italia ao Hornby nyingi za kisha miaka ya 1960, inatumia volti 12 za kuranti ya upande moja, kama ile ya batri. Ukibadilisha nyaya, treni inarudi nyuma.

Ukiona reli ya tatu katikati, ao vidoti vya chuma katikati ya reli mbili, mara nyingi ni Märklin ya Ujerumani ao Lionel. Hizo za zamani zinatumia kuranti ya kugeuka-geuka. Märklin inataka mpaka volti 16. Lionel inapita hapo kidogo. Kichwa cha Jouef kikipewa kuranti ya transfo ya Märklin, moteri yake inalia, inapata moto, inaweza kuungua. Usichanganye.

Kwa treni ya reli mbili kuko njia ya usalama zaidi: mawe sita ya tochi, yakiwa yamefuatana, yanatoa volti 9. Yanatosha kuijaribu bila kugusa prizi. Batri ya sola ya volti 12 inafaa pia, lakini weka fizibule ya ampere 1 kwenye waya. Bila hiyo, nyaya zikigusana zinaweza kuwaka moto.

Kupanga reli

Usipange chini kwenye vumbi ao juu ya tapi. Nyuzi zinajizungusha kwenye magurudumu. Tafuta kipande cha tripleksi kilichonyooka. Mduara wa kawaida wa Märklin, wenye vipande 12, unaingia kwenye ubao wa mita 1 kwa mita 1.

Kila kiungo kishike vizuri. Kikiwa kimelegea, kibane kidogo kwa koleo. Treni ikipunguza mwendo upande wa mbali, kuranti inapotea njiani: ongeza nyaya zingine mbili upande ule.

Kusafisha

Chomoa kwanza. Panguza reli na magurudumu kwa kitambaa chenye alkoli ya famasi, mpaka kitambaa kibaki cheupe. Usitumie esanse: inawaka, na inaharibu plastiki. Usitumie pamba ya chuma ya kusugulia sufuria. Vipande vyake vinavutwa na sumaku ya moteri.

Sasa kichwa. Piga picha kwa telefone mbele ya kufungua, na weka visi kwenye sahani. Ndani utaona sehemu ya shaba yenye inazunguka, na vijiti viwili vya makaa vinavyoigusa. Shaba ikiwa nyeusi, isafishe kwa pamba na alkoli. Toa uchafu kwenye mifereji yake kwa kijiti cha meno. Makaa yakiwa mafupi sana, yabadilishwe.

Mwisho, mafuta ya mashine ya kushona, tone moja la ncha ya sindano, kwenye ekseli tu. Usiguse ile shaba. Mawese na mafuta ya jikoni hapana: yanaganda kama gundi, na utarudi ulikotoka.

Ikikataa kutembea

- Taa inawaka, kichwa hakisongi: tatizo ni moteri ao mafuta yaliyoganda.
- Hakuna kitu kabisa: angalia nyaya, viungo na uchafu.
- Transfo inanguruma ao inajikata: kuranti imegusana mahali. Toa kichwa kwenye reli. Ikiendelea, tafuta msumari, kijiko ao waya juu ya reli. Ikiacha, shida iko ndani ya kichwa.

Watoto na kuhifadhi

Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, ile madini yenye sumu. Mdogo mwenye bado anaweka vitu mdomoni asipewe. Wakubwa wacheze, lakini mtu mzima ndiye achomeke na kuchomoa.

Karibu na ziwa unyevu unakula chuma. Funga kila kipande kwa karatasi kavu, si kwa sashe ya plastiki, na weka juu mbali na sakafu. Kila miezi miwili, uitembeze dakika kumi. Treni hizi zilitengenezwa ili zifunguliwe na kurekebishwa, na nyingi zimepita mikono ya baba na ya mtoto. Ukianza na transfo, yako pia inaweza kutembea bila kuleta kilio nyumbani.