Athari za Vita vya Msalaba katika Pwani Yetu

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Vita vya Msalaba vilitangazwa na Papa Urban II mwaka 1095. Baytul Maqdis ilitekwa mwaka 1099, na Salahuddin al-Ayyubi akaikomboa mwaka 1187. Vita hivyo havikupiganwa kwetu, lakini fikra yake ililetwa na Wareno. Vasco da Gama alifika mwaka 1498, na mwaka 1505 wenzake wakapora Kilwa na Mombasa. Walitaka dhahabu na njia ya viungo, na uadui wa dini ukawa hoja yao.

Athari zake ni hizi:

1. Lugha na majengo. Neno "gereza" limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno.

2. Utawala. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilianza kujengwa mwaka 1593. Waomani waliiteka mwaka 1698, na uhusiano wetu na Oman ukapata nguvu.

3. Chuki. Hapa tuseme kweli. Mwaka 1631 Sultan Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa katika Ukristo, aliwaasi Wareno na kurejea katika Uislamu. Waliouawa walikuwamo wanawake na watoto, na sheria yetu inakataza kuwaua hao vitani.

Leo tunao ndugu waliohamia bara kwa kazi na biashara, hadi vijiji kama Ipililo, mkoani Simiyu. Jirani yao Msukuma huenda ni Mkristo, lakini wazee wake hawakupanda jahazi la Mreno. Kumbebesha deni hilo ni dhulma. Surat al-An'am, aya ya 164, inafundisha kwamba nafsi haibebi mzigo wa nyingine, na al-Mumtahina, aya ya 8, kwamba hatukatazwi kumtendea wema na uadilifu asiyetupiga vita kwa ajili ya dini. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimzuru kijana wa Kiyahudi alipougua.

Basi tuwasomeshe watoto wetu historia hii yote, bila ya kuwarithisha chuki yake.

Wallahu a'lam.