Belghamu, Safura na Mshipa: Historia Iliyomo Miilini Mwetu

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza kaka yangu mkubwa hospitalini. Tabibu kijana alimwamkia kwa adabu, kisha akamuuliza anasumbuliwa na nini. Kaka akajibu, "Mshipa, mwanangu. Mshipa haunipi raha." Kijana akampima shinikizo la damu, akamkagua miguu asione mishipa iliyovimba, akamwandikia vidonge vya maumivu. Kaka, kwa haya za watu wa rika lake, hakuongeza neno. Juma la tatu tulimrudisha usiku akiwa hoi. Utumbo ulikuwa umebanwa na ngiri, ikabidi apasuliwe usiku ule ule. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mimi niliyefundisha Kiswahili maisha yangu yote nilibaki na swali: wote wawili walisema Kiswahili fasaha, basi kosa lilitoka wapi?

Jibu, nionavyo, limo katika historia. Tumezoea kusikia kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi za tiba. Shida yetu si umaskini. Lugha hii ina matabaka kadhaa ya istilahi, kila tabaka limekuja na elimu yake kuhusu mwili, na matabaka hayo hayajasalimiana vya kutosha.

Tabaka la chini kabisa ni la Kibantu. Moyo, ini, figo, nyongo, utumbo, pafu, ubongo, mfupa: viungo vya ndani karibu vyote vimebaki na majina ya wahenga. Baadhi vina majina mawili, kama bandama ambayo pia ni wengu, na figo ambayo pia ni nso. Malenga wanalijua tabaka hili vizuri, kwa maana ndilo linalobeba hisia. Maneno makali humkata mtu maini, adui wa karibu ni mkalia ini, na jambo likiharibika tunasema limetumbukia nyongo. Lakini tabaka hili lina ramani yake ya mwili. Chembe cha moyo, kwa mfano, si sehemu ya moyo. Ni pale chini ya kifua, tumbo linapoanzia. Mtu anayelalamikia chembe cha moyo huenda ana vidonda vya tumbo, wala moyo wake hauna kasoro.

Tabaka la pili ni la Kiarabu, na hapa pana jambo la kushangaza. Waganda husema omusaayi, Wakikuyu husema thakame, Wachewa husema magazi. Waswahili husema damu, neno la Kiarabu. Kwa nini watu waliohifadhi jina lao la ini wakaazima jina la damu? Sitadai kwamba sababu ni moja tu. Hata hivyo, ukitazama maneno yaliyofuatana na damu, unaona kwamba pwani haikupokea maneno matupu. Ilipokea elimu nzima.

Elimu hiyo ilianzia kwa Wayunani. Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba afya ni ulinganifu wa vimiminika vinne: damu, ambayo ni moto na majimaji, nyongo ya njano, moto na kavu, nyongo nyeusi, baridi na kavu, na kohozi, baridi na majimaji. Katika karne ya 9, huko Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walivitafsiri vitabu vyake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaipanga elimu hiyo katika kitabu chake cha Qanun. Kwa Kiarabu vimiminika hivyo vikaitwa dam, safra, sauda na balgham.

Sasa sikiliza Kiswahili. Kohozi zito tunaliita belghamu. Neno hili Waarabu walilipata kwa Wayunani, waliosema phlegma. Mzee wa pwani anapolalamika kuwa belghamu imemjaa kifuani, anatamka neno lililosafiri kutoka Ugiriki kwa njia ya Uarabuni hadi Bahari ya Hindi.

Safura nayo ilipata mkasa. Kwa Kiarabu safra ni nyongo ya njano. Kwetu, safura ni maradhi ya minyoo yanayomaliza damu; mgonjwa hupauka, huvimba, na aghalabu hutamani kula udongo. Nadhani neno lilifika likakuta kiti kimekaliwa: nyongo tayari ilikuwa na jina lake la Kibantu. Likahamia basi kwenye ugonjwa unaobadilisha rangi ya mtu.

Ninalolipenda zaidi ni baridi yabisi, maradhi ya viungo. Wengi hudhani huitwa hivyo kwa sababu huzidi wakati wa baridi. Lakini yabisi ni kavu. Baridi na kavu ndizo sifa mbili za nyongo nyeusi katika mafundisho ya Galen. Sauda yenyewe haikukita mizizi katika Kiswahili cha kila siku, lakini sifa zake zimebaki magotini mwa wazee wetu.

Na saratani? Kwa Kiarabu ni kaa, yule wa baharini. Wayunani waliufananisha uvimbe na kaa, Walatini wakafuata kwa neno cancer, Waarabu wakatafsiri sitiari hiyo. Anayesema saratani na anayesema kansa wanamtaja kaa yule yule, aliyefika kwetu kwa majahazi mawili tofauti.

Tabaka la tatu lililetwa na Kiingereza na kazi ya usanifishaji. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930, BAKITA ikafuata mwaka 1967, na mwaka 2003 TUKI ikachapisha Kamusi ya Tiba. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Tulipata ateri, vena na neva, na kila moja ikapewa mpaka wake. Tulipata pia UKIMWI, kifupisho ambacho kirefu chake, Upungufu wa Kinga Mwilini, chaeleweka hata na asiyesoma biolojia. Lakini maneno mengine yamebaki vitabuni. Vitabu husema shinikizo la damu, nyumbani husemwa presha.

Hapo ndipo narudi kwa kaka. Katika usemi wa wazee, mshipa ni njia ya damu. Ni neva, ambayo huitwa pia mshipa wa fahamu. Na ni ngiri, ile ambayo mtu mzima haitaji waziwazi mbele ya kijana. Kwa kaka, mshipa lilikuwa neno la stara. Kwa tabibu, aliyejifunza mwili kwa Kiingereza kisha akajitafsiria mwenyewe, mshipa ulikuwa na maana moja tu. Kila mmoja alisimama kwenye tabaka lake.

Sisemi tuzitupe istilahi mpya, wala sisemi turudi kwa Galen; mafundisho yake ya vimiminika vinne yamekwisha kupitwa na sayansi. Ninachoomba ni kwamba anayefunzwa utabibu afunzwe pia maneno ya wagonjwa, na kamusi zetu za tiba zisiishie kueleza neva ni nini, bali zieleze pia mzee anaposema mshipa huenda anakusudia nini. Na ninyi malenga, mnaoyatunza maini na nyongo katika beti zenu, yatunzeni na haya. Waulizeni wazazi wenu wanaitaje kila sehemu inayowauma, mkaandike. Swali moja tu, "Mshipa upi, mzee?", lingemwepusha kaka yangu na usiku ule.