Ngome Iliyofunguliwa na Barua Feki

Wasee, kuna ngome huko Syria inaitwa Krak des Chevaliers. Iko juu ya kilima, inatazama Pengo la Homs, njia ya zamani ya misafara kutoka pwani ya Tripoli, Lebanon, kwenda bara. Ukishika hicho kilima, hakuna anayepita bila wewe kumwona.

Hospitallers, kundi la wapiganaji wa Msalaba, walipewa mwaka 1142, wakaizungushia kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Mwaka 1188 Saladin alifika, akaicheki, akaachana nayo.

1271 akaja Baybars, sultani wa Misri. Ukuta wa nje akauvunja, wa ndani ukamgomea. Inasimuliwa kwamba akapenyeza barua, eti imetoka kwa mkubwa wao Tripoli: jisalimisheni. Wakatoka. Kumbe feki!

Usiwacheke. Walikuwa wamechoka, na barua iliwapa ruhusa waliyokuwa wakiitamani. Mimi pia nikiwa nimesota nilituma pesa juu ya barua feki ya kazi, yenye mhuri na kila kitu.

Kwa hivyo ukipokea barua tamu, usiangalie mhuri peke yake. Jiulize kwanza: mimi hapa natamani nini?