Sheria Iliyofichika Katika Majina ya Mbeere

Ewe msomaji, ukisafiri katika nchi ya Wambeere, ukatoka Kiritiri kwenda huku na huku, yasome kwa makini majina ya masoko na vijiji. Utakuta Gachoka na Gategi. Kadhalika utakuta Karaba na Kanyuambora. Mawili ya kwanza yaanza kwa ga-, na mawili ya pili kwa ka-. Je, tofauti hii imetokea ovyo tu? Hasha! Ni kiambishi kimoja kilichovaa sura mbili, nacho hubadilika kwa sheria.

Weka kidole kooni, kisha utamke k, t na ch. Hutasikia mtetemo. Basi, k ya kiambishi ikifuatiwa na sauti za namna hiyo, yenyewe hulegea ikawa g; ikifuatiwa na r, m au ny, hubaki vile vile. Vitenzi navyo hufuata sheria hiyo. Katika Kimbeere, kama katika Kiembu na Kikuyu, kukata ni gũtema, bali kulima ni kũrĩma. Hata majina ya lugha hayakuachwa: twasema Kĩmbeere na Kĩembu, lakini Gĩkũyũ.

Wataalamu walianza zamani kuchunguza viambishi vya lugha zetu. Mwaka 1659 padre Mwitaliano, Giacinto Brusciotto, alipiga chapa mjini Roma kitabu cha sarufi ya Kikongo, akaonyesha jinsi kiambishi cha jina kinavyotawala maneno yanayoandamana nalo. Mwaka 1862 Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyekuwa akiishi Cape Town, alitoa sehemu ya kwanza ya sarufi yake ya kulinganisha lugha za kusini mwa Afrika. Ndiye aliyezipa ngeli nambari na kulieneza jina la Kibantu.

Hata hivyo, siri ya sauti ilikuwa bado haijaelezwa. Mmisionari mmoja, Edmund Dahl, aliishi Unyamwezi wakati Wajerumani walipoitawala nchi hiyo. Aliwasikiliza watu, akagundua kwamba mahali ambapo Waswahili husema -tatu, Wanyamwezi husema -datu. T ya kwanza imelegea kwa sababu t nyingine yaifuata. Mwaka 1903 mtaalamu Carl Meinhof aliandika habari hiyo, akaiita Sheria ya Dahl. Jina hilo latumika mpaka leo duniani kote, ingawa Wanyamwezi walikuwa wakiishika sheria hiyo tangu kabla Dahl hajazaliwa.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1863 Hermann Grassmann alieleza kwamba Kiyunani cha kale na Kisanskriti hazikupenda sauti mbili zenye pumzi nyingi zifuatane katika neno moja. Ya kwanza hupoteza pumzi yake. 

Sasa mfikirie mwanafunzi wa kwetu asemaye “gutaka” badala ya “kutaka”, na wenzake wakamcheka. Ni kweli kwamba Kiswahili hakina sheria hii, na anayetaka kukisema sawasawa hana budi kusema kutaka. Lakini kosa lake si la ujinga. Ameleta katika nyumba moja sheria ya nyumba nyingine, sheria ambayo aliishika barabara kabla ya kujua kusoma, bila ya mtu kumfundisha.

Kwa hiyo, msomaji, usikubali mtu akuambie kwamba lugha ya nyumbani kwenu haina sarufi. Sikiliza wazee wakizungumza, uandike maneno yao, uyalinganishe. Dahl hakuwa na chombo kilichokushinda wewe. Alikuwa na masikio, kalamu na subira. Nawe una jambo moja ambalo yeye hakuwa nalo: lugha yenyewe uliipata mikononi mwa mama yako.